Ruri no Hōseki njo anime bora ya Julai 2025, na sisi wa Lubumbashi tulipaswa kuijua kwanza

Naanza na ile nataka kusema, ili mtu asinisubirishe mpaka chini: katika anime zote, zile katuni za Kijapani, zilizotoka Julai hadi Septemba 2025, ile iliyonishika kuliko zote ni Ruri no Hōseki. Haina Dandadan, haina Gachiakuta, haina hata ile filamu ya Demon Slayer iliyojaza sinema za Japani kuanzia tarehe 18 Julai. Ni hadithi ya msichana wa lisé (sekondari) anayependa vitu vya kung'aa, anaingia milimani na mitoni kutafuta mawe, basi. Najua wengi hamkuiangalia, wengine hata jina hamjalisikia, na njo maana nimekaa naandika ndefu hivi, juu kama kuna mahali watu wangeiongelea asubuhi mpaka usiku ni hapa kwetu Katanga, inchi ya mawe, na hapa kwetu kila niliyemwuliza aliniangalia tu.

Lakini tuongee kwanza sezoni nzima, juu ilikuwa sezoni nzito kwelikweli na siwezi kuinua moja bila kusema zingine nilizionaje.

Kwao ilikuwa kiangazi, jua kali, nyenje wanalia ndani ya karibu kila episodi. Kwetu ulikuwa ule wakati wa baridi, asubuhi unatoka na jaketi mpaka shingoni, midomo inapasuka, vumbi ya Katuba inaingia mpaka ndani ya sufuria, na usiku watu wanazunguka mbabula, lile jiko la makaa. Kuran, yaani umeme, ikikatika, telefone yenye batri njo inakuwa televizyo ya nyumba yote. Mmoja mwenye mega za intaneti anashusha, wengine tunapokea kutoka telefone mpaka telefone, maandishi ni ya Kifaransa, na mimi nawatafsiria wadogo ambao hawasomi mbio. Anime nyingi za sezoni hii niliziangalia hivyo, vichwa vinne vitano vimeinama juu ya kioo kimoja, na nafikiri hiyo imesaidia maoni yangu, juu anime ikiwa mbovu watoto hawavumilii, wanarudi kwenye moto.

Dandadan basi, ile ya vijana wanaopambana na pepo na viumbe wa anga. Sezoni ya pili ilianza tarehe 3 Julai, studio ni ileile Science Saru, safari hii Fūga Yamashiro na Abel Góngora wakiongoza pamoja. Ile sehemu ya nyumba ya kina Jiji, mmoja wa vijana hao, na ule mdudu mkubwa chini ya ardhi, na pepo linaloitwa Jicho Ovu, ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya. Historia ya Jicho Ovu, mtoto aliyefungiwa ili atolewe sadaka, ilinyamazisha kila mtu, mdogo wangu mmoja alitoka akaenda kusimama nje. Halafu sezoni ileile inayokutoa machozi inakuletea kundi la waimba roki wanaokuja kufukuza pepo kwa gitaa, na aliyepiga gitaa kwa kweli ni Marty Friedman, na haionekani kama wamechanganya dawa na sukari, inaingia tu. Hapo nawapa heshima zote. Shida yangu ni kwamba sezoni ya kwanza ilikatwa katikati ya ile nyumba, kwa hiyo hii ya pili inaanza mbio kabla haujakumbuka nani yuko wapi, na kule mwisho, mapigano na lile roboti, niliona makubwa mengi na moyo kidogo. Nzuri sana. Haina ya kwanza.

The Summer Hikaru Died ni kitu kingine kabisa. CygamesPictures waliitengeneza, Ryōhei Takeshita akiongoza, kutoka manga, yaani kitabu cha michoro, ya Mokumokuren, inapita kwenye Netflix. Kijijini, Yoshiki ana rafiki yake Hikaru aliyepotea mlimani kisha akarudi, na tangu episodi ya kwanza Yoshiki anajua, na sisi tunajua, kwamba aliyerudi haina Hikaru. Kitu kimevaa sura yake. Wamekaa mbele ya duka, wanakula glasi (aiskrimu), Yoshiki anamwambia ukweli usoni, uso unafunguka, na kile kitu kinamwomba kikilia asiseme kwa mtu. Mdogo wangu hakukubali hata kidogo. "Yaya, rafiki yako akikufa na akarudia kukuita jina, unakimbiaka! Haumupake glasi!" Na mama kule kwenye mbabula, bila kugeuka: "Njo vile. Unakimbiaka na unaita bantu."

Wako sawa, kila mtu aliyelelewa hapa anajua wako sawa. Lakini uzuri wa hii anime njo uko pale pale, Yoshiki anajua kwamba anapaswa kukimbia na hawezi, juu mtu aliyelala kwenye kilio cha rafiki wa utoto anajua vile kichwa kinakubali kifo na sikio bado linasubiri sauti yake barabarani. Episodi 12, na mimi naona ni ya pili katika sezoni nzima.

Ya tatu ni Gachiakuta, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi waliichukua kama shonen, hadithi ya vijana wa kiume, ya mapigano, na kwa mapigano iko sawa, Bones Film hawajui kuchora ngumi mbaya. Manga ni ya Kei Urana, na ile michoro ya ukutani, herufi zinazotiririka rangi kila mahali, ni kazi ya Hideyoshi Andou. Ila angalieni hadithi yenyewe. Kuna mji unaoelea juu, safi, wenye mali, na pembeni yake mtaa wa watu wanaoitwa watoto wa wahalifu. Wenye mali wanatupa kila kitu, kiti kikipasuka mguu wanatupa, mdoli ukipasuka wanatupa. Rudo, kijana wa ule mtaa, anaokota vitu hivyo na kuvitengeneza, juu anaona bado vina uhai. Siku moja anakuta mlezi wake Regto ameuawa, wanamsingizia yeye, na hukumu ni kutupwa shimoni, kule chini ambako takataka zote za juu zinaanguka. Na kule chini kuna watu. Kuna mji mzima wa watu wanaoishi chini ya takataka za wengine, na wengine kati yao wana uwezo wa kukiamsha kitu walichokipenda na kukitunza miaka mingi, mwavuli, fimbo, mkasi, kikawa silaha. Rudo, silaha yake inatoka kwenye glovu alizopewa na Regto.

Sasa mtu wa Lubumbashi anaangalia ile na hafikirie kitu? Tuna terril yetu, ule mlima mweusi karibu na bomba la moshi la zamani, unaonekana kutoka pembe zote za mji, mpaka umekuwa alama yetu kwenye picha. Ule haina mlima. Ni mabaki ya tanuru za shaba, waliyeyusha kuanzia 1911, wakachukua shaba yao, uchafu wakaumwaga pale miaka na miaka. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikajengwa kiwanda cha kuurudia ule uchafu, juu ndani yake kulikuwa kobalti waliyokuwa wameiacha. Kile kilichotupwa kikawa mali. Na kabla ya kiwanda, na baada yake, wangapi wameishi kwa mabaki ya mgodi, wanaosha mchanga uliokwisha kuoshwa, wanatafuta kile mwenye mashine alikiacha? Rudo anasema vitu vina uhai, sisi tunamwangalia kama mtoto wa hapa. Gachiakuta haikuisha Septemba, iliendelea mpaka Desemba na kufika episodi 24, na nusu ya pili nitaiandikia siku yake.

Zingine nipite mbio. Takopi's Original Sin ni episodi sita tu, zilipita kwenye intaneti bila televisheni, na mimi naomba mzazi aiangalie peke yake kwanza. Picha zinaonekana za watoto, kiumbe cha waridi chenye kucheka, na ndani kuna mtoto anayeteswa na wenzake na anayejiua. Ni kazi kubwa, nimeiheshimu, sitairudilia. The Fragrant Flower Blooms with Dignity, ya CloverWorks, njo dada zangu walipenda kushinda zote: kijana mrefu mwenye sura ya ukali kutoka shule inayodharauliwa, msichana mfupi kutoka shule ya watoto wa wenye mali, shule ziko ukuta kwa ukuta na mapazia yamefungwa wasionane. Hakuna mtu wa kutesa mtu, hakuna uongo wa kuvuta hadithi, mtu akikosa anaomba msamaha kesho yake, na yule msichana, Kaoruko, anakula keki kwa furaha mpaka na wewe unasikia njaa. City The Animation, Kyoto Animation na Keiichi Arawi, ina episodi ya tano ambamo skrini inagawanyika vipande vingi na kila kipande kinaendelea na hadithi yake kwa wakati mmoja. Kwa telefone ndogo ni mateso, mtafute skrini kubwa. Kaiju No. 8 ilirudi tarehe 19 Julai, nguvu iko, shujaa wake Kafka nampenda juu ni mtu mzima wa miaka 32 aliyekataa kuambiwa wakati wake umepita, lakini kila episodi inaisha wakati umeanza kukaa vizuri.

Sasa turudi kwa mawe.

Ruri no Hōseki ni ya Studio Bind, walewale wa Mushoku Tensei, mwongozaji Shingo Fujii, kutoka manga ya Keiichirō Shibuya, episodi 13. Ruri Tanigawa anataka pambo la kristali na mfuko hauna kitu. Anasikia kwamba mlimani kristali zinapatikana, basi anaenda kuchukua za bure, na nguo za kutembea mjini, bila kujua hata jiwe linakaaje. Kule anakutana na Nagi Arato, mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya utafiti wa madini, na nyundo mkononi. Na urafiki unaanzia hapo.

Mnaambiwa hakuna kinachotokea katika hii anime. Mi nasema kinatokea kitu ambacho anime chache zinajua kukionyesha: mtu anajifunza kuona. Mwanzoni Ruri anaona kitu kinang'aa, anaruka. Anakuta kitu cha rangi ya dhahabu, tayari kichwani amekuwa tajiri, kumbe ni piriti. Nagi hamcheki. Anamwonyesha. Piriti ni ngumu, inavunjika, ukiisugua kwenye kigae inaacha mstari mweusi, dhahabu ni laini na mstari wake unabaki wa dhahabu. Kisha wanaingia mtoni na karai, wanazungusha mchanga, maji yanabeba vyepesi, vizito vinabaki chini. Na kamera inakaa pale. Haikimbie. Unaona mchanga mweusi unabaki kwenye mkunjo wa karai, unaona kidole kinausogeza polepole, na pale kati kadoa kamoja ka njano.

Sehemu iliyonifanya niseme hii njo ya kwanza ni ya yakuti ya buluu. Ruri anapata chembe ya buluu ndani ya mchanga wa mto, ndogo, ya kuangaliwa kwa mikroskopu, na swali linakuwa: imetoka wapi? Chembe haikuzaliwa mtoni, maji yameileta kutoka juu, kuna jiwe mama mahali fulani. Anafanya kazi na Imari, mdogo wa Nagi pale labo, mtu wa vitabu, mpole. Wanachukua mchanga hapa, wanachukua kule, kila mahali mto unapokutana na mwingine wanachukua tena, wanarudi labo wanahesabu chembe, huku ziko, kule haziko, basi ule mkono wa mto tunauacha. Wanafungua ramani ya jiolojia. Wanakosa. Ruri anachoka, anataka kuacha, anakasirika na mchanga wenyewe, na Imari anaendelea tu kutenganisha chembe na kibanio, haongee mingi. Na mwisho wakipanda kufika kwenye chanzo, hakuna mapigano, hakuna adui aliyelala chini, na moyo wangu ulikuwa unapiga kushinda kwenye kila vita ya Kaiju No. 8.

Ile ya karai nilimwonyesha baba mudogo. Yeye alichimba miaka mingi upande wa Luisha, barabara ya kwenda Likasi, aliacha juu ya kifua na juu ya shimo lililoanguka, na hapendagi kuongelea. Aliangalia mikono ya Ruri ikizungusha, akanyamaza, akasema: "Ule mutoto mwanamuke anafanya mbio. Lakini yule mukubwa anajua." Halafu akaniambia nirudishe nyuma, pale Nagi anaangalia mlima kabla ya kuupanda, anaangalia rangi ya udongo na mahali miti inaisha. "Rudisha. Unaona? Haangalie jiwe. Anaangalia kilima." Na akaanza kuongea.

Akaniambia kuhusu vilima vyetu visivyo na miti, vile vya majani tu katikati ya pori, vile wazee walijua kwamba chini yake kuna shaba juu shaba inakataza mti kumea. Akanielezea lile ua dogo la zambarau linalomea pale pale, la shaba, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense na wale wa kutafuta madini walilifuata toka zamani. Yeye jina la kizungu halijui. Anajua ua. Akaniambia ukikuta heterojeniti, ile nyeusi ya kobalti, unajua kwa uzito na kwa vile inapaka mkono, na malakiti usiipime kwa rangi peke yake. Baba mudogo, aliyekuwa anakaa pembeni ya mbabula bila neno, aliongea karibu usiku mzima, na mimi nikawa ninaandika kwenye telefone. Nimekuwa naishi na Nagi Arato nyumba moja bila kumwuliza kitu.

Na haina yeye peke yake. Wazee wa kabla yake, wale wala mikuba, walikuwa wanachukua malakiti, wanaiyeyusha kwa makaa ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, wanamimina misalaba ya shaba iliyotembea biashara mpaka mbali sana. Kuna jiolojia gani kubwa kushinda ile? Kutazama jiwe la kijani na kujua kwamba ndani limefichama chuma chekundu, na moto wa aina gani utakitoa. Malakiti yenyewe leo tunaiona kwenye vibanda vya mjini, mayai ya kijani, vibao vya mchezo wa dama, masanduku, wageni wananunua. Ile mistari ya kijani kibichi na kijani cheusi inayozungukana, kila mstari ni maji yaliyopita na shaba ndani yake, yakaacha kidogo, yakapita tena, miaka ambayo kichwa hakiwezi kuibeba. Ninayo moja nyumbani, kipande kisichosuguliwa, upande mmoja kama vishada vya zabibu. Baada ya episodi ya pili niliitoa kwenye kabati, na sijairudisha.

Wanafunzi wa madini duniani kote wanajua miji yetu bila kuja hapa. Kuna madini yanaitwa kolwezite, juu ya Kolwezi. Kuna likasite, juu ya Likasi. Renierite iligunduliwa Kipushi, hapa karibu, kilomita 30 hivi. Cornetite ilitoka mgodi wa Étoile, mlangoni mwa mji wetu, ikapewa jina la Jules Cornet. Curite na sklodowskite, majina ya wale Curie bwana na bibi, zinatoka Shinkolobwe. Nani alitufundisha hayo shuleni? Mimi nilikariri mito ya Ulaya.

Na kwa sababu nimetaja Shinkolobwe, siwezi kupita. Wakati Ruri no Hōseki inaendelea, tarehe 6 Agosti 2025, Japani ilitimiza miaka 80 ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya uranio ya ile kazi ya Wamarekani ya kutengeneza bomu la atomiki ilitoka hapa, Shinkolobwe, karibu na Likasi, mgodi wa Union Minière, madini yenye uranio nyingi kuliko yote yaliyokuwa yanajulikana. Edgar Sengier, mkubwa wa ile kampuni, alipeleka zaidi ya tani 1.000 New York mwaka 1940, zikakaa kwenye bohari la Staten Island mpaka jeshi likaja kuzinunua. Wachimbaji walikuwa watu wetu, mikono mitupu, hawakuambiwa kitu. Anime haigusi hiyo hata kidogo, na siidai, haina hadithi yake. Lakini mimi ile wiki niliangalia msichana wa Kijapani anashika jiwe kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi, na nikafikiri kwamba jiwe la kwetu lilifika kwao mara moja, kwa njia ile, na watu wa pande zote mbili hawakuulizwa.

Kuna kitu kimoja Ruri anapewa ambacho mtoto wa hapa hapewi. Anapewa nafasi ya kulipenda jiwe kabla ya bei. Mwanzoni hata yeye swali lake ni bei, inauzwa ngapi, nikipata nyingi nitakuwa na pesa ngapi, na hakuna anayemtukana kwa hiyo, ila polepole swali lake linageuka, linakuwa imefikaje hapa, imekaa muda gani, kwa nini ina pande sita. Kwetu mtoto akiokota jiwe la kijani barabarani, mtu wa kwanza anayemwona anamwuliza teneri, asilimia ngapi. Sisemi kwamba bei ni mbaya, baba mudogo alilipa lisé yangu kwa mawe, nakula bukari juu ya mawe. Nasema tu kwamba tuna kobalti nyingi kushinda inchi zote, magari ya umeme ya dunia yanatembea juu yetu, na mtoto wa Ruashi anayeishi kando ya mgodi hajawahi kushikishwa kikuza-picha aangalie chembe moja. Anime imemfanyia mtoto wa Japani ambaye kule kwake migodi mingi imefungwa. Ingekuwa yetu.

Sasa lawama, juu iko na ni kubwa. Kamera ya hii anime inampenda Nagi vibaya. Mwanamke yuko anaeleza jinsi mto unavyobeba mchanga, maneno mazuri, na picha inashuka kifuani kwake bila sababu, na suruali fupi ya kupanda nayo mlima mnajua wenyewe haiwezekani, miguu yote ingekuwa damu. Nilikuwa naangalia na wadogo na baba mudogo ameketi pale, na mara mbili tatu nilifunika kioo na mkono. Inaniuma juu Nagi ni mmoja wa walimu wazuri zaidi niliowaona katika anime, na waliomchora hawakumwamini vya kutosha wakamwacha afundishe tu. Baada ya episodi za kwanza inapungua. Haiishi.

Na wanaosema inachosha: angalieni milima. Studio Bind wamechora mwamba kama wengine wanavyochora nyuso. Unaona tofauti ya granaiti na jiwe lililopikwa na moto wa ndani, unaona maji ya mto yanabadilika rangi kwenye kina, unaona kutu kwenye ukuta wa mgodi wa zamani. Ukiwa na haraka ruka hadi kwa yakuti, ila utakosa kumwona Ruri akiwa mjinga wa mawe, na bila hiyo hautasikia uzito wa yeye kukaa kimya mbele ya mikroskopu.

Kuna watu wa jiolojia pale Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu, wanaosoma hii, najua, juu wawili walishaniandikia kuhusu makala yangu ya Dr. Stone, anime nyingine. Nawaomba kitu. Likizo ya Krismasi nataka kuonyesha episodi za karai na za yakuti kwa watoto wa avenue yetu, projekta nimeshaahidiwa, genereta tutachanga mafuta. Baba mudogo amekubali kukaa nao baadaye na karai lake. Nakosa mtu mmoja wa labo atakayekuja na mikroskopu, hata ya zamani, na mwenye kuvumilia maswali. Mchanga tutauchukua mto Lubumbashi asubuhi ileile.